Hodi ya Mwamba

Kama kuna mwanamume aliyefungwa kamba na mkewe kwa hiari yake mwenyewe, tena mara nyingi kuliko nguo zilivyoanikwa kwenye kamba hiyo hiyo, basi ni Mtunzi. Alikuwa anakaa kwenye kiti cha jikoni, anapeleka mikono nyuma, anamwambia mkewe akaze. Mkewe hakupenda kazi ya nusunusu, kwa hiyo alikaza kweli, kisha akarudi kwenye vitunguu vyake huku mumewe akijinyonganyonga na kuhema mpaka kiti kikaanguka naye.

"Vipi, ameshaponyoka?" mke aliuliza bila kugeuka.

"Bado," alijibu yule wa sakafuni.

"Basi Mwamba wako leo atalala huko huko ghalani. Kaa vizuri nipite."

Mwamba alikuwa shujaa wa vitabu vyake. Ni jina la utani la mtu wa kubuni, mtu wa misitu na magendo na majambazi, ambaye kila kitabu kilimtia matatani na kila kitabu kilimtoa. Na Mtunzi alikuwa na sheria moja aliyoishika kuliko anavyoshika funguo za nyumba: Mwamba hafanyi jambo ambalo mwili wa Mtunzi haujalijaribu. Mwamba alipotakiwa kuruka kutoka kwenye gari linalokimbia, Mtunzi aliruka kutoka kwenye toroli la mashuka lililosukumwa kwa nguvu zote na wenzake wa kazini, akachunika kiwiko. Alipotakiwa kujificha chini ya maji, Mtunzi aliingiza kichwa kwenye beseni la kufulia mpaka mkewe akamvuta kwa kola. Jirani mmoja aliwahi kuja kuomba chumvi, akamkuta mzee mzima amefungwa kitini na kitambaa mdomoni, mke anapiga pasi. Yule jirani aliondoka bila chumvi na hakurudi tena.

Alipoondoka kwao alikuwa kijana mwenye begi moja na maneno mengi. Alimwambia mama yake mlangoni, "Mwakani narudi." Mwaka ukazaa mwaka. Akabeba mizigo, akaosha vyombo, mwisho akapata kazi chini ya hoteli moja kubwa, kwenye chumba cha kufulia, na huko ndiko alikozeekea. Alikunja mashuka mchana, na wakati wa mapumziko aliandika, juu ya meza ile ile ya kukunjia, kwa lugha ya nyumbani ambayo hapo hapakuwa na mtu wa kuisoma. Kila alipomaliza kitabu alimtumia mchapishaji kule kwao, naye alikipiga chapa kwenye karatasi nyepesi na kukimwaga barabarani. Watu walivisoma vile vitabu mpaka majalada yakatoka. Walivisoma vinyozi na wauguzi na walinzi, na wanafunzi walivificha chini ya madawati. Huku ughaibuni, chumba cha kufulia kilimjua kama yule mtu anayenyoosha pembe za shuka bila kosa, basi.

Kwa nini hakurudi? Msidhani alikuwa amezuiwa. Alikuwa na aibu, hilo tu. Aliahidi mwaka mmoja, akachelewa miwili. Na mtu aliyechelewa miwili hurudi vipi mikono mitupu? Akasema nikipata kidogo. Alipopata kidogo ikawa kidogo hicho hakitoshi kufuta kuchelewa kote kule. Akawa anapiga simu sikukuu, anatuma anachoweza, na kumpeleka Mwamba badala yake.

Kwa maana vitabu vyote viliisha namna moja. Mwamba, kachakaa, vumbi mwili mzima, anafika kwenye mlango wa mama yake na kuita hodi. Mlango unafunguka papo hapo. Mama anasema, "Umechelewa. Ingia ule." Mwisho wa kitabu. Wasomaji walikuwa wanaijua hodi ile kuliko sura za ndugu zao. Mama yake Mtunzi hakujua kusoma, kwa hiyo binti yake, mdogo wake Mtunzi, ndiye aliyemsomea, sura moja kila alasiri. Walipofika ukurasa wa mwisho, mama alisema ngoja kwanza, akaenda kubadili nguo, akavaa safi, akarudi kukaa. Ndipo ukasomwa.

Sasa ikatokea kwamba vitabu havinunuliwi kama zamani. Mchapishaji akapiga simu, sauti imejaa sukari. "Mkubwa, watu wamezoea. Wanajua atarudi. Tuwatikise kidogo. Muue."

"Nimuue Mwamba?"

"Muue kabisa. Watalia, watanunua, watanunulia na wenzao."

Ningependa kusema alipinga. Hakupinga. Alikuwa amechoka, na mwaka ule yeye na mkewe walikuwa wamenunua kabati, likaungwa humo humo chumbani, pana kiasi kwamba haliwezi kutoka mlangoni bila kuvunjwa. Aliliangalia likisimama pale, akamwambia mkewe, "Sisi tutazeekea hapa hapa." Siku chache baadaye akamshusha Mwamba kwenye kisima kikavu, maadui wakakata kamba, mkono wake mmoja ukateguka, mvua ikaanza kunyesha, na Mwamba akafumba macho. Kwa hesabu yake, ilikuwa mara ya kwanza kuandika kitu bila kukijaribu. Kifo, alijitetea, hakijaribiki.

Kitabu kikatoka. Haukupita muda, mdogo wake akapiga simu asubuhi, Mtunzi akiwa anavaa viatu vya kazi.

"Kaka, umefanya nini?"

"Nimefanya nini?"

"Mama amekaa msibani."

"Nani amefariki?"

"Mwamba! Nimemsomea mpaka mwisho, alikuwa ameshabadili nguo anangoja hodi. Nikamwambia mama, hakuna, kimeishia hapo. Akavua hereni. Akatandika mkeka chini, akakaa, na hadi leo hajainuka isipokuwa kwa shida. Majirani wamekuja. Wananiuliza marehemu ni nani, nasema ni wa kitabuni, wananiangalia mimi kama ndiye mgonjwa. Halafu wawili watatu wamekaa nao wanalia. Wanasema Mwamba alikuwa mtu wa watu."

Mtunzi alitaka kucheka, ikashindikana. "Mpe simu niongee naye. Asikie niko hai."

Alisikia kiganja kikifunika simu, sauti mbili, moja ikibembeleza. Mdogo wake akarudi. "Hataki. Anasema aliyekuwa anarudi amekufa, huyu mwingine mwambieni nashukuru kwa kupiga." Akavuta pumzi. "Kaka, nadhani akili imeanza kumchanganya. Na hali. Chai anaishika tu mpaka inapoa. Unamjua mama alivyo, akisema hapana ni hapana, na safari hii mwili hauna akiba. Nakuambia ili usije ukasema sikukuambia."

Mtunzi alikaa kwenye kitanda, kiatu kimoja mguuni. Aliogopa, na aliogopa kweli, kama mtoto aliyevunja kitu cha nyumbani na wenyewe wanarudi. Kisha akakasirika. Akamkasirikia mchapishaji, akajikasirikia na yeye, akavaa kiatu cha pili. Alimwambia mkewe, "Mwamba anatoka kisimani." 

"Atatokaje? Si ulimnyima kila kitu?"

"Atatoka."

Siku ile ile aliandika haraka haraka. Binti wa adui mkuu anapita kisimani, anamwonea huruma Mwamba, anamtupia kamba. Kurasa chache, kazi imekwisha. Akampigia mdogo wake, akamsomea, mdogo wake akaandika na kumsomea mama. Jibu lilikuja kabla hajamaliza zamu.

"Amesikiliza," mdogo wake alisema. "Halafu akauliza, huyo binti ametoka wapi? Nikamwambia alikuwa anapita. Akasema, kwenye mvua? Na kamba anatembea nayo ya nini? Akasema uongo mtupu, akageukia ukutani."

Hapo Mtunzi aliona haya mpaka masikio yakapata moto. Watu wote waliowahi kumsifu, na waliowahi kumponda, hakuna aliyewahi kumkamata hivi. Akaichana ile sura. Kama Mwamba ni wa kutoka, atatoka kwa mwili wake, na mwili wa Mwamba, tangu mwanzo, ulikuwa ni wa Mtunzi.

Pale kazini palikuwa na kitu walichokiita Koo. Ni tundu lililopita ndani ya ukuta kutoka ghorofa za juu mpaka chini kwenye chumba cha kufulia. Wasafishaji wa vyumba walifungua kilango huko juu, wakatupa mashuka machafu, nayo yakaporomoka mpaka kwenye kikapu kikubwa cha magurudumu. Jengo lilikuwa la zamani, na Koo lilikuwa limejengwa kwa tofali na kusakafiwa, upana wake kama wa mtu kukaa na kunyoosha miguu kidogo. Kwa miaka yote ile Mtunzi alikuwa akisimama chini yake kila siku, na hakuwahi kuona kwamba ni kisima.

Wakati wa mapumziko ya mchana, wenzake walipokwenda kula, alivua viatu, akachomeka mkono wa kulia ndani ya mkanda wa suruali, maana mkono wa Mwamba umeteguka na yeye si mwizi wa mikono. Akapanda kwenye kikapu, akaingiza kichwa Kooni, akabana mgongo upande mmoja na nyayo upande wa pili. Akajisukuma. Akapanda kama urefu wa kiti, goti likalia, akarudi kikapuni kwa makalio.

Kesho yake akajaribu tena. Akafika juu kidogo kuliko jana, kisha mgongo ukaanza kuwaka kwenye saruji ile ya ukutani, akalegeza, akaporomoka. Nyumbani mkewe alimvua shati, akaona ngozi ilivyochubuka, akatikisa kichwa.

"Umri wako unaujua?"

"Wa Mwamba ndio wangu."

"Basi nyinyi wote wawili ni wazee. Tulia nikupake mafuta." Alimpaka taratibu. Baadaye akasema, "Tatizo lako ni mgongo. Ukiumia unaacha kusukuma. Mwamba hana hata nguo ya kuweka hapo nyuma?"

Mtunzi aligeuka akamwangalia. Mwamba alikuwa na shati, na mvua ilikuwa inanyesha. Shati kavu lingeteleza na kujikunja, lakini shati lililolowa hukunjwa likakunjika, likawekwa mahali likakaa. Na kama kuna mtu duniani aliyejua tabia ya nguo iliyolowa, ni yeye. Alimbusu mkewe kwenye paji la uso mpaka mafuta yakamwagika.

Mchana uliofuata alilowesha shuka, akalikunja mara kadhaa, akaliweka mgongoni. Akaingia. Makalio kwanza, kisha mguu, kisha mguu wa pili, pumzika. Shuka lilishika. Alipanda, akapita alipofika jana, akaacha mwanga wa chini, akawa kwenye giza lenye harufu ya sabuni na jasho la watu wasiojulikana. Goti lilimwomba arudi. Akalijibu kwa sauti, "Nyamaza wewe." Ndipo mtu fulani huko juu akafungua kilango, na mzigo mzima wa mashuka ukamwangukia kichwani.

Hakuanguka. Hilo aliliandika baadaye kama lilivyokuwa, ila mashuka akayafanya udongo wa kisima. Alibana meno, akajitikisa, mashuka yakapita moja moja kando yake. Kule chini kikapu kikapokea, na sauti ya msimamizi wa chumba cha kufulia, mama mmoja ambaye hakuhitaji simu kuita watu wa ghorofa ya pili, ikapanda Kooni.

"Nani yuko humo?"

"Mimi!"

"Mimi nani? Wewe Mtunzi? Unafanya nini kwenye ukuta wangu?"

"Natoka!"

"Unashuka au unapanda?"

"Napanda!"

"Basi panda upesi, usinizibie Koo! Nina vyumba vya wageni hapa!" Kisha akasikika akifoka kwenye simu ya ukutani kwamba asitupe mtu hata foronya mpaka atakaposema.

Alitokea kwenye kilango cha ghorofa ya kwanza, kichwa kwanza, mkono mmoja mkandani, akalala kwenye zulia la hoteli akihema. Mgeni mmoja mwenye taulo shingoni alisimama akamtazama. Mtunzi alimwamkia kwa heshima zote. Alikuwa anatoa machozi, na hayakuwa ya maumivu. Alikuwa amefurahi kuliko siku alipoona kitabu chake cha kwanza.

Aliandika sura ile akiwa amesimama, kwa sababu kukaa kulikuwa hakuwezekani. Aliandika goti, aliandika shati lililolowa, akaandika na lile neno "nyamaza wewe". Mwamba akafika mdomoni mwa kisima, akalala kwenye matope, akainuka, akaanza kutembea. Hapo kalamu ikasimama. Ilibaki hodi, na hodi angeweza kuiandika usingizini. Aliinua mkono mara kadhaa, akaushusha. Mwisho akaiacha sura kama ilivyo.

Safari hii mdogo wake, baada ya kuandika alichosomewa, aliweka simu karibu na mkeka, Mtunzi akasikiliza. Alimsikia akisoma. Alisikia kikohozi cha mama, kikavu, dhaifu kuliko alivyokitarajia, kikamchoma.

"Ngoja," mama alikatiza. "Alianza na mguu au makalio?"

"Makalio, mama. Imeandikwa makalio kwanza."

"Haya. Endelea."

Mdogo wake aliendelea mpaka matope, mpaka hatua ya kwanza. 

"Na hodi?" mama aliuliza.

"Imeishia hapa, mama."

"Nipe hiyo simu."

Simu ilikwaruzana na kitu, na pumzi ya mama ikawa sikioni mwake, karibu kabisa.

"Mgongo umepaka mafuta?"

"Nimepaka, mama."

"Sasa nisikilize. Hawa wanasema nimechanganyikiwa. Sijachanganyikiwa. Najua Mwamba ni mtu wa karatasi, mimi si mtoto. Lakini kila kitabu ulikuwa unaniletea ile hodi, nikawa najiambia, bado ana nia, siku moja atafika. Kitabu kile hukuniletea. Nikajua mwanangu ameshaamua. Huyo ndiye niliyemkalia msiba. Nimekosea?"

Mtunzi alikuwa amesimama mbele ya lile kabati. Uongo ulikuwa karibu, tayari kabisa, na yeye kazi yake ni kubuni. Mkewe alikuwa mlangoni anamwangalia.

"Hujakosea, mama," alisema. "Nilikuwa nimeamua."

Mama alipumua. "Ahsante kwa kusema. Sasa mtu ameshatoka kisimani, yuko njiani anatembea, mbona hujampigisha hodi?"

"Mama, mimi siandiki kitu nisichokijaribu. Zile hodi zote niliziandika hivi hivi tu, sijawahi kupiga hata moja. Hii siiandiki mpaka niipige."

Akamsikia mama akiongea na mtu mwingine, sauti ya mtu mwenye shughuli. "Wewe, kile chakula cha mchana mmekimaliza? Niletee kidogo."

Mchapishaji alipiga siku hiyo hiyo. Habari zilikuwa zimemfikia, na sura mpya pia, kwa mkono wa mdogo wake. Msiba ulikuwa umesemwa mtaa mzima na watu walikuwa wanaulizia kitabu. "Mkubwa, sura ni moto! Ongeza tu ile hodi, mistari mitatu, kesho tunapiga chapa."

"Ngoja."

"Ningoje nini? Unaijua kwa moyo!"

"Siijui," Mtunzi alisema, akakata.

Msimamizi wake alimpa likizo bila maneno mengi, ila alimwonya kwamba akirudi apite mlangoni. Mkewe alipanga begi. Alipoulizwa kabati watalifanyaje, alisema kabati halina mama, litangoja. 

Alifika mchana, jua kali. Nyumba ilikuwa ile ile, ndogo kuliko alivyoiandika, mlango umepakwa rangi nyingine. Majirani walitoka wakasimama mbali, wakinong'onezana, na mmoja wao alikuwa ameshika kitabu. Goti lake lilikuwa limevimba kwa safari. Mkewe alibaki nyuma kidogo, kwa makusudi. Mtunzi alisimama mbele ya mlango.

"Hodi."

Katika vitabu vyote mlango ulifunguka papo hapo. Huu haukufunguka. Alisikia ndani mdogo wake akisema, "Nifungue, mama?" na sauti ya mama ikijibu, "Asiguse mtu mlango wangu." Kisha ikaanza fimbo. Fimbo, ndala, fimbo, ndala. Ikasimama. Alimsikia akihema, ameegemea kitu, pengine meza. Mtunzi alikuwa hajui, hakuwahi kulijaribu wala kulifikiria, kwamba kutoka mkekani mpaka mlangoni kunaweza kuwa mbali hivyo kwa mtu wa umri ule. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kitasa.

"Hodi, mama," aliita tena.

"Nimesikia," mama alisema kwa ndani. "Usinikimbize. Mimi nimekungoja, na wewe ningoje."

Akaondoa mkono kwenye kitasa, akaweka begi chini, akangoja.